Mara Saba Nyuma ya Jiko

Siku hizi magunia ya katani yamekuwa adimu. Mahindi kiroba cha plastiki, mkaa kiroba, hata viazi kiroba. Kwa hiyo pua yangu ilikuwa imepumzika miaka mingi, mpaka juzi hapa sokoni, muuza karanga mmoja wa Gairo alipoburuta gunia kuukuu la katani lililonyeshewa njiani, akalibwaga miguuni pangu ili anipimie. Ile harufu ikanipanda mpaka utosini: katani iliyolowa, vumbi la mahindi, na kitu kingine kama jasho la mtu aliyetembea mbali. "Mama, unapimiwa au umekuja kushangaa?" akaniuliza. Nikamwambia apime tu. Lakini machozi yalishaanza kunilengalenga, mtu mzima mimi, mama wa watoto wawili, nalia mbele ya karanga.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu, na nimechoka kukaa nalo moyoni. Ngoja niwaeleze. Mkitaka kunihukumu baadaye, hukumuni tu, mimi mwenyewe nilishatangulia.

Tulikuwa tunakaa Kilakala, Morogoro, kwenye kota za serikali. Baba alikuwa mwalimu wa sekondari, Mama alikuwa anashona nguo za watu barazani, na watoto tulikuwa wawili: kaka yangu Idi, mwenye miaka kumi na miwili, na mimi wa tisa. Milima ilikuwa imetuinamia nyuma ya nyumba kiasi kwamba nguo zilizoanikwa uani zilikuwa zinanuka ukungu. Asubuhi ulikuwa unaweza kusikia maji ya kijito kabla hujasikia jogoo wa jirani.

Na tulikuwa na paka wawili, ndugu wa tumbo moja, tuliowapata kwa mama mmoja aliyekuwa anauza dagaa. Paka wake alizalia ndani ya boksi la dagaa, akatwambia tuchague. Idi akachagua dume la kijivu, mimi nikachukua jike la rangi ya chungwa. Wangu alikuwa ananuka dagaa mpaka masikioni. Nilimwogesha mara tatu kwa sabuni ya unga, akanikwaruza mara tatu, na harufu ikabaki palepale. Basi nikamwita Shombo. Wa Idi akaitwa Mheshimiwa, kwa sababu alinenepa mapema, hakuwahi kukamata hata mjusi, na alikuwa anatokea pale tu chakula kinapopakuliwa.

Shombo alikuwa kitu kingine. Shombo alikuwa na saa kichwani. Ilipokaribia muda wa sisi kutoka shule, alikuwa anaacha chochote anachofanya, anakwenda kukaa kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, miguu ya mbele ameiweka pamoja, anaangalia njia. Mama yangu aliacha kabisa kutazama saa ya ukutani. Akimwona Shombo kizingitini, anainuka na kubandika maharage. Jirani yetu, Mama Tunu, alikuwa anacheka kwamba paka yule ana akili kuliko mumewe, maana mumewe hata siku moja hakujua saa ya mtu kurudi nyumbani.

Ndipo ikaja barua ya uhamisho. Baba anapelekwa Sumbawanga. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaiweka mfukoni, akaitoa tena akaisoma. Mama akauliza nyumba itakuwaje huko. Baba akasema watapanga vyumba viwili, kwa mzee mmoja anayetaka wapangaji wastaarabu na hataki mnyama wa aina yoyote uani kwake. Halafu akatuangalia mimi na Idi, na sisi tukaelewa kabla hajafungua mdomo.

Sitaki kueleza tulivyolia. Watoto wote wanalia. Nitasema tu kwamba Baba, ili tunyamaze, alituahidi likizo ya kwanza tu tutarudi kuwasalimia. Alisema kwa upole, mkono wake kichwani kwangu, na alijua kabisa kwamba hatutarudi. Nauli ya watu wanne kutoka Sumbawanga kwenda Morogoro kuwasalimia paka! Leo ninalijua hilo. Siku ile nilimwamini, lakini nusu tu.

Mtu wa kuwachukua alitafutwa na Mama, naye hakwenda mbali. Kila Jumanne na kila Jumamosi alikuwa anapita kwetu Bibi Mwanne, mama wa Kiluguru kutoka juu mlimani, mwendo wa saa mbili kupanda. Alikuwa anashuka na tenga kichwani: karoti, njegere, magimbi, na siku nyingine stroberi zilizofunikwa kwa majani ya mgomba. Alikuwa mwembamba, mkakamavu, na Kiswahili chake kilikuwa na ule mvuto wa mlimani, anavuta neno la mwisho kana kwamba hataki kuliachia. Mama alipomwambia habari za paka, alifurahi waziwazi. Alisema panya wa kwake wanakanyaga darini usiku na mchana utadhani wamevaa buti, na mahindi yake ya mbegu wameyamaliza.

Akatueleza namna ya kufanya. Paka hawezi kubebwa hivihivi tu, kwa sababu ataisoma njia na kesho atarudi. Anatiwa ndani ya gunia, kisha anazungushwa mara saba, taratibu, mpaka upande wa nyumbani umpotee kichwani. Na anayemzungusha lazima awe yule aliyemlea. "Kwa sababu ni wewe anayekufikiria," alituambia. "Mimi nikimzungusha hata mara mia, atanisahau mimi, wewe hatakusahau." Na baada ya hapo jina lake lisiitwe tena mbele yake. Alisema haya bila kututisha, kama mtu anayeeleza namna ya kumenya gimbi.

Ilikuwa Jumanne, baada ya kuuza mboga zake. Alikuja na magunia mawili madogo ya katani, yamelowa kidogo kwa manyunyu ya njiani. Safari yetu ilikuwa imepangwa Jumatatu ya wiki inayofuata, na hiyo Jumatatu ndiyo niliyoishikilia. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshapiga mahesabu yangu yote.

Idi alianza. Alimtia Mheshimiwa ndani ya gunia, akalikumbatia kwa mikono miwili, akaanza kujizungusha naye katikati ya ua, polepole, kama alivyoagizwa. Alikuwa analia, kamasi zinamtoka, na hakuwa na mkono wa kuzifutia. Mheshimiwa hakujisumbua kupiga kelele mpaka mzunguko wa tano. Wa saba ulipokwisha Idi aliyumba, akaanguka chali na gunia lake kifuani. Siku nyingine ningecheka mpaka mbavu zikaniuma. Siku ile nilimsogelea, nikamwinamia sikioni, nikamwambia, "Wewe huna roho. Yaani umemzungusha kweli?"

Alibaki amelala pale chini, anaangalia juu, mpaka Bibi Mwanne alipokuja kumpokea gunia.

Zamu yangu ilipofika nikasema naona aibu, nataka nikazungushie nyuma ya jiko. Bibi Mwanne akaniangalia kwa huruma. "Nenda, mjukuu wangu. Ila hesabu kwa sauti nikusikie."

Nikahesabu kwa sauti, haki ya Mungu nilihesabu vizuri sana! Niliketi kwenye tofali, gunia mapajani, nikaburuza miguu kwenye mchanga ili isikike kama ninazunguka. Moja! Nikainama nikamnong'oneza Shombo kwamba akifika huko asilale. Mbili! Afuate maji yanakoteremka. Tatu! Akifika kwenye daraja la magogo asivuke, akate kulia. Kati ya nne na tano nikaokota msumari uliokuwa chini, nikautia kwenye nyuzi za gunia, nikapanua tundu la kutosha jicho moja, ili aione njia. Badala ya jicho ikatokea pua, nyekundu, imelowa. Nikaigusa kwa pua yangu. Sita! Nitakusubiri. Saba!

Nikatoka nyuma ya jiko ninapepesuka, naigiza kizunguzungu. Nilimwomba Bibi Mwanne gunia langu likae upande wa nyuma wa tenga, nikalipanga mwenyewe, tundu likiangalia kwetu. Akajitwisha, akaaga, akaanza kupanda. Nilimwangalia mpaka khanga yake ikapotea kwenye migomba. Idi alikuwa ameshaingia ndani na kujifunika shuka mpaka kichwani. Mimi sikuwa na huzuni hata chembe. Nilikuwa ninawaona wote wajinga.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Shombo atarudi baada ya siku mbili, tatu. Baba atamkuta asubuhi kizingitini, amechoka, ana matope miguuni, na hakuna baba anayeweza kuona kitu kama hicho halafu akasema hapana. Tutakwenda naye Sumbawanga. Yule mzee mwenye nyumba atajijua mwenyewe.

Alhamisi asubuhi likaja fuso. Dereva mmoja aliyeshusha mzigo mjini alikuwa anarudi Sumbawanga tupu, akamwambia Baba akitaka kuondoka aondoke leo, Jumatatu hatakuwepo. Kufumba na kufumbua wanaume watatu walikuwa wanatoa makabati nje. Nilisema tumbo linaniuma, Mama akanipa maji ya limau. Nilisema nimesahau daftari shuleni, Baba akasema atanunua lingine. Nikachukua kiatu chake kimoja cha safari nikakitumbukiza ndani ya pipa, nikidhani mwalimu mzima hawezi kusafiri bila viatu. Walikitafuta nusu saa. Baba alisafiri mpaka Sumbawanga na malapa.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Ningesema, ningechapwa, lakini hilo lilikuwa dogo. Ningesema, wangemtumia Bibi Mwanne salamu amrudishe Shombo nimzungushe upya, na mara hii wangenisimamia. Basi nikakaa kimya. Fuso lilipong'oka nilikuwa nimeshika ukingo wa bodi, naangalia njia ya mlimani, na midomo yangu ilikuwa inasema fanya haraka, fanya haraka, fanya haraka, mpaka kota zikafichwa na miti.

Sumbawanga kulikuwa na baridi. Mwezi wa kwanza nilimuuliza Baba kila siku, naye alijibu kwamba wako salama, wanakula panya wanene wa mlimani. Nikajifariji kwamba kuzungushwa ni mambo ya wazee tu, kwamba Shombo asingeijua njia hata kidogo, kwamba yuko kwa Bibi Mwanne na amenenepa. Mwezi wa pili nikapata marafiki. Baada ya hapo, jamani, nisiwadanganye, nilisahau. Nilimsahau Shombo kama mtoto anavyosahau, moja kwa moja, na nilicheza na nilicheka na nilikua.

Nilirudi Morogoro nikiwa na miaka ishirini, kusoma chuo. Muhula wa kwanza, Jumapili moja, nikanunua sukari na sabuni, nikapanda mlima kwenda kumsalimia Bibi Mwanne. Nilikwenda kwa furaha kabisa. Nilikifuata kile kijito, nikalipita lile daraja la magogo, nikashangaa jinsi lilivyokuwa dogo.

Nilimkuta ameketi nje anachambua maharage kwenye ungo, kwa mkono mmoja. Mwingine, wa kushoto, alikuwa ameulaza mapajani, na kifundo chake kilikuwa kimepinda kwa nje. Nilipiga goti nikamwamkia, shikamoo Bibi, nikajitaja. Akaniangalia kwa muda. Halafu akauweka ungo chini, na neno la kwanza kutoka kinywani mwake likawa, "Nisamehe, mjukuu wangu. Paka wako alinishinda."

Akanieleza yote, na mimi bado nimepiga goti. Kwamba Shombo alikaa siku mbili tu, hali, haguswi, na Alhamisi jioni akamkosa. Alhamisi ileile. Kwamba Jumamosi aliposhuka na mboga alimkuta kizingitini kwetu, nyumba imefungwa kufuli, na Mama Tunu akamwambia paka yupo pale tangu jana asubuhi. Akamtia tengani, akapanda naye, akamzungusha mwenyewe japo alijua haisaidii. Wiki haikuisha Shombo akarudi tena. Mara hiyo wapangaji wapya walikuwa wameshaingia, wana watoto wanaorusha mawe, na jicho moja la Shombo lilikuwa limefumba. Bibi Mwanne akamfuata siku isiyo ya soko, masika yamekolea, akambeba ndani ya gunia. Njiani akateleza kwenye jiwe. Mkono ukavunjika, gunia likafunguka, Shombo akateremka mbio.

"Niliita nikaita," alisema. "Nilikuwa nimekaa kwenye matope namwita paka."

Mkono ule uliunga vibaya, na tangu hapo hakuweza tena kujitwisha tenga. Alipopata nafuu ya kushuka, Mama Tunu alimwambia hapana haja. Paka alikataa kuondoka. Walikuwa wakimfukuza anakwenda mpaka uzioni, jua likielekea saa ya shule anarudi, anakaa, anaangalia njia. Alikuwa haondoki hata mvua inaponyesha. Siku moja asubuhi hakuinuka.

"Sijui nilikosea wapi," Bibi Mwanne alisema. "Nilimpa maziwa. Wewe ulizungusha vizuri, nilikusikia unahesabu. Kosa ni langu tu, labda sikumpenda sawasawa."

Na hapa ndipo ninapowaomba mniangalie vizuri. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na umri wa kupiga kura. Nilikuwa na maneno yote, tena yalikuwa machache: Bibi, sikumzungusha. Wakati huohuo akatoka Mheshimiwa, mzee, mnene, sharubu nyeupe, akapita kati yetu bila kunijua kabisa, akalala kwenye ule ungo juu ya maharage. Bibi Mwanne akacheka, akasema huyu tangu siku ile hajawahi hata kugeuza shingo kuangalia mjini. Kisha akanishika bega kwa ule mkono mzima, akaniita msomi wake, akaingia ndani kunikorogea uji. Nami nikafunga mdomo. Nikasema, "Haina neno, Bibi, usijali." Nilimsamehe! Nilikunywa uji wake, nikasema mtamu, nikashuka.

Nilijiambia nitapanda tena nimweleze. Kulikuwa na mitihani, kulikuwa na mvua, kulikuwa na kila kitu. Nilipopanda, ilikuwa mwaka wa pili unaelekea mwisho, na mlangoni nilipokelewa na binti yake, aliyeniambia mama amefariki tangu Ramadhani. Alinionyesha kaburi. Nilisimama pale nikaliambia kaburi habari nzima, na niliona haya, kwa sababu kuliambia kaburi ni rahisi.

Mtoto wa miaka tisa nimemsamehe. Alikuwa mtoto, alidhani dunia itamsubiri mpaka Jumatatu. Yule wa miaka ishirini aliyekunywa uji, huyo mimi sitamsamehe, na msinishauri.

Mwaka jana nilimpigia simu Idi, yuko Mbeya siku hizi, nikamweleza kila kitu, tundu la gunia, mkono wa Bibi Mwanne, kizingiti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Idi hajawahi kufuga kitu tena, hata kuku. Mkewe huwa anamtania kwamba hana upendo na viumbe, naye hajawahi kubisha. Halafu akasema, "Miaka yote hii nilijua mimi ndiye niliyekuwa sina roho." Hakusema kwa hasira. Akaniuliza watoto hawajambo, akaaga, akakata.

Karanga nilizipeleka nyumbani. Nikazichambua barazani, harufu ya gunia ikiwa bado vidoleni, nikawaza vile Idi alivyozunguka katikati ya ua. Alikuwa anajifuta mwenyewe kichwani mwa Mheshimiwa, mzunguko kwa mzunguko, analia, ili mnyama wake akalale vizuri kwa mtu mwingine. Kaka yangu alikubali kusahauliwa, akiwa na miaka kumi na miwili. Mimi nilitaka Shombo anikumbuke. Na alinikumbuka, kila siku saa ya shule, wakati mimi nilikuwa Sumbawanga nacheza kibaba na kimama na wenzangu, sina habari.